Picha Yangu Iko Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo ya wiki hii ni Matendo 9:36–42 na Mathayo 22:15–22. Yasomeni polepole kabla ya kuendelea, hasa lile la kwanza.

Nianze na bibi mmoja ambaye swali lake halijanitoka moyoni. Kikundi chetu kilikwenda kuwatembelea wazee katika makao yao. Tulibeba zawadi, tukaimba, na mimi nilibeba kamera. Mwanga siku ile ulikuwa unaingia dirishani kwa ubavu, na nyuso za wazee huupokea mwanga wa namna hiyo vizuri kuliko nyuso za sisi wengine, kwa sababu kila mkunjo una kivuli chake. Nilipiga picha nyingi. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikazichambua, nikazihariri usiku kucha, nikaziweka kwenye ukurasa wa kikundi. Watu wakaandika chini yake, "Mungu awabariki kwa huduma njema."

Mwaka uliofuata tuliporudi, bibi yule alinishika mkono hata begi sijalitua. "Mjukuu wangu, picha yangu iko wapi?"

Sikuwa nayo. Ilikuwa imetazamwa na mamia ya watu, na yeye mwenyewe hajaiona. Nikamwambia nitaileta. Akanitazama kwa upole, akasema, "Wamenipiga wengi. Kuleta ndiko hawaleti."

Tangu siku hiyo siwezi kusoma Mathayo 22 nilivyokuwa nikiisoma. Mafarisayo na Maherodi wanamtega Bwana kwa habari ya kodi. Anaomba sarafu, wanampa dinari, naye anawauliza: hii sanamu ni ya nani? Ya Kaisari. Basi, cha Kaisari apewe Kaisari, na cha Mungu apewe Mungu. Tumezoea kulihubiri fungu hili tunapozungumza juu ya serikali na ushuru, na hakuna ubaya. Ila kuna jambo dogo katika Kiyunani chake. Wao walipouliza kama ni halali kulipa kodi, walitumia neno la kawaida la kutoa. Yeye alipojibu alitumia neno la kurudisha, kumlipa mtu kitu ambacho tangu hapo ni chake. Sura iliyo juu ya sarafu ndiyo iliyoonyesha mwenyewe ni nani.

Nami nilikuwa na sura ya bibi kwenye kadi ya kamera yangu mwaka mzima.

Najua sheria za nchi nyingi humpa mpiga picha hakimiliki ya picha aliyoipiga. Sina ugomvi na sheria hizo, na wenzangu wanaoishi kwa kazi hii wanazihitaji. Ninachosema ni kwamba mbele za Mungu kuna deni ambalo mahakama haiwezi kulidai. Mtu yule ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Alikaa mbele yangu, akanipa uso wake bila kuniuliza nitaufanyia nini. Tunaposema tunajitolea kuirudishia jamii, kwa mpiga picha neno hilo "kurudisha" lina maana iliyo wazi kabisa: picha imfikie mwenye uso.

Sasa twende Yafa. Tabitha, kwa Kiyunani Dorkasi, maana yake paa, ameugua akafa. Wamemwosha, wamemlaza chumba cha juu, na watu wawili wametumwa Lida kumwita Petro. Luka anamwita mwanafunzi, na hapo ndipo mahali pekee katika Agano Jipya ambapo neno hilo limeandikwa kwa umbo la kike. Hatuambiwi neno hata moja alilowahi kulisema. Tunaambiwa alikuwa mtu wa matendo mema na sadaka, kisha tunaonyeshwa nguo. Wajane wanasimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Wafafanuzi wengine, kwa jinsi kitenzi kilivyokaa, wanaona kwamba wajane walikuwa wamezivaa nguo zile hapohapo. Nalipenda sana wazo hilo. Huenda mmoja alishika mkono wa kanzu yake akasema, hii alinishonea yeye. Ushahidi wa huduma ya Tabitha ulikuwa mabegani mwa wajane.

Na mtu asiseme kushona ni jambo la pembeni katika mambo ya Mungu. Katika Kutoka 28:3, mafundi wanaoambiwa washone mavazi ya Haruni ni watu ambao Mungu anasema yeye mwenyewe amewajaza roho ya hekima. Mkono unaojua kazi yake ni karama. Anayejua kuusoma mwanga, anayejua kumtuliza mtu mwenye haya mpaka mabega yake yashuke, naye amepewa kitu.

Wako wapiga picha wanaokitumia. Mwaka 2008 Jeremy Cowart wa Nashville, Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wanamuziki na watu mashuhuri, alipata wazo la kutumia ujuzi uleule kwa watu wasio na uwezo wa kulipia. Wazo likaitwa Help-Portrait, na Desemba 2009 wapiga picha wa nchi nyingi wakalifanya kwa siku moja. Utaratibu wake hauna mafumbo: mtafute mwenye uhitaji, mpige picha, ichapishe, mpe. Wasusi na wapambaji nao hujitolea. Mtu anatengenezwa nywele, anakaa kwenye kiti kama mgeni wa heshima, na anaondoka na picha yake mkononi. Fikirini ni wangapi duniani ambao picha yao pekee ni ile ndogo ya kitambulisho, uso umenyooka, macho yametolewa, kutabasamu hairuhusiwi. Mtu anaweza kuzeeka bila kuwahi kujiona alivyo anapocheka.

Huduma nyingine hunifanya ninyamaze kabisa. Februari 2005, huko Colorado, Cheryl Haggard na mumewe walimpata mtoto wa kiume, Maddux, akaishi siku sita. Wazazi walimwomba mpiga picha Sandy Puc' awapige picha pamoja naye. Mwaka huohuo mama yule na mpiga picha yule wakaanzisha shirika la Now I Lay Me Down to Sleep, jina lililotoka katika sala ambayo watoto huisema wakienda kulala. Wapiga picha wake wa kujitolea huitwa hospitalini kwa wazazi ambao mtoto wao amezaliwa amekufa, au yu karibu kufa, na familia haitozwi chochote.

Hebu tukae hapa kidogo, maana kazi hii ni ya ufundi mwingi kuliko inavyodhaniwa. Picha hizo mara nyingi hutolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ngozi ya kichanga namna hiyo huweza kuwa na michubuko na rangi ambazo mama hatataka zibaki machoni pake. Mwanga wa dirisha unafaa kuliko flashi. Kamera inatakiwa iwe kimya. Mpiga picha anaweza kukiweka kidole cha baba ndani ya kiganja cha mtoto, akapiga mikono tu. Anaingia chumba ambacho hakuna la kusema, na hasemi. Paulo ametuagiza tulie pamoja nao waliao, Warumi 12:15. Huyu analia huku akihakikisha picha haijatikisika, kwa kuwa hakuna siku ya kuirudia.

Miaka inapita, wageni waliokuja kuwapa pole wamesahau, na picha ile bado iko juu ya kabati. Inasema alikuwepo.

Baada ya tsunami ya Machi 11, 2011, kule Japani, watu wa kujitolea waliokota picha za familia kutoka kwenye matope. Katika mji wa Yamamoto peke yake zilikusanywa takriban 750,000. Vijidudu huila ile tabaka ya juu ya picha iliyolowa, kwa hiyo kila siku iliyopita nyuso zilikuwa zinafutika. Wakaziosha kwa maji, moja moja, wakazianika, wakazinakili kwenye kompyuta ili wenyewe waweze kuzitafuta. Hawakuwa wamezipiga wao. Walikuwa wanazirudisha tu.

Niseme na jambo linaloniuma. Tunapokwenda kutoa sadaka, kamera zetu mara nyingi zinafanya kazi ya mkono wa kushoto ambao Bwana alisema usijue. Mtu ameinamisha uso akipokea mfuko wa chakula, na sisi tunamwambia atazame huku. Nimefanya hivyo. Sitaki tena. Sisemi picha zote zifichwe. Mwaka 2001, katika jimbo la New Mexico, Marekani, wapiga picha walijitolea kuwapiga picha watoto waliokuwa wakingoja wazazi wa kuwalea, na picha zikatundikwa kwenye maonyesho watu waje wazione. Mpango huo unaitwa Heart Gallery. Pale picha ilikuwa lazima ionekane, na aliyenufaika kwa kuonekana kwake alikuwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo mimi siku hizi najiuliza nani atanufaika, kisha namuuliza mwenye uso kama anaridhia. Akisema hapana, nampiga picha yake nampa, na kwangu naifuta.

Kwa bibi tulirudi baada ya wiki tatu. Safari hii tulibeba printa ndogo, ya kuwekwa mezani. Alituambia tungoje. Akajifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akavua miwani, akaivaa tena, akasema watoto wake wanamjua na miwani. Nikampiga picha saba. Akachagua mwenyewe.

Printa ile haitoi picha kwa mara moja. Karatasi inatoka na kurudi ndani mara nne: kwanza rangi ya njano, kisha nyekundu, kisha buluu, na mwisho utando wa kuilinda isichubuke. Bibi aliinama juu ya meza akiitazama. Ilipotoka mara ya kwanza akashtuka: "Mbona mimi ni njano?" Nikamwambia, subiri, bado hujamalizika. Ikaingia, ikatoka, uso ukapata joto. Ikaingia tena, ikatoka, na macho yakawa macho yake. Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza, hata wale waliokuwa wakiimba.

Aliipokea kwa kushika kingo, kama mtu aliyekwisha kuambiwa asiiguse katikati. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu, kwa nafsi yake: "Nimefanana na mama."

Baadaye aliniita karibu, akaniambia ile ndiyo watakayoiweka siku yake. Hakuwa na huzuni alipolisema. Korea Kusini watu hujitolea kuwapiga wazee picha za namna hiyo, na huziita picha za maisha marefu, ingawa kila mmoja anajua zitasimama wapi siku ya mwisho. Bibi aliomba na ya pili, ya kumpelekea mwanawe aliye mbali. Tukaitoa. Aliyasoma majina nyuma ya zote mbili, lake na la mwanawe, kuhakikisha tumeyaandika sawasawa.

Tunarudi kule Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wapiga picha tupo wawili, karatasi zipo. Tunahitaji mtu wa kushika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni, mwenye mwandiko mzuri wa kuandika majina nyuma ya picha, na wenye subira wa kuketi na wazee wanaongoja zamu yao, maana wanapenda kuongea kabla ya kupigwa picha kuliko baada. Aliye tayari anitafute baada ya ibada. Bibi ameniambia ana rafiki chumba cha pili, mama aliyepigwa picha mara ya mwisho alipochukuliwa ile ya kitambulisho. Ameniagiza nisimsahau, na jina lake nimeliandika la kwanza kwenye daftari.