Kupita Kiswahilini Njiani Kwenda Kihispania

Nilipopewa kazi ya kutafsiri menyu ya mkahawa mmoja hapa Unguja kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, niliandika "pez a la parrilla" nikiamini nimeandika samaki wa kuchoma. Mgeni kutoka Uhispania aliniita kwa upole, akaweka kidole chini ya neno hilo na kunieleza kwamba "pez" ni samaki angali anaogelea. Akishavuliwa ili aliwe huitwa "pescado", neno litokanalo na "pescar", yaani kuvua. Kiingereza kina "fish" kwa wote wawili, nasi tuna samaki, basi sikuwa na cha kunitahadharisha.

Hata hivyo, kwa kawaida Kiswahili hunitahadharisha, na ndiyo maana siku hizi kila sentensi ya Kiingereza huipitisha kwanza katika lugha yangu. Neno "time" linamsumbua sana anayetoka Kiingereza moja kwa moja, lakini sisi tumekwisha kuligawa: anayeuliza saa anahitaji "hora", anayesimulia mara ya kwanza anahitaji "vez", na asiye na muda anahitaji "tiempo".

Faida kubwa zaidi nimeiona kwenye kitenzi "to be", ambacho Kihispania hukigawa kuwa "ser" na "estar". Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba "ser" ni ya mambo ya kudumu na "estar" ni ya mambo ya kupita, kanuni inayovunjika mara tu mtu anapofariki, kwani husemwa "está muerto", na sijui hali iliyo ya kudumu kuliko hiyo. Mswahili hana haja ya kanuni hiyo. Tunasema amekufa, amechoka, ameketi, kahawa imepoa. Kote huko kiambishi -me- kinaonyesha hali iliyobaki baada ya tukio, na kote huko Kihispania huweka "estar": "está muerto", "está cansado", "está sentado", "el café está frío". Vivyo hivyo, "es listo" ni mwerevu, ilhali "está listo" yuko tayari.

Panaponibidi kuwa makini ni kwenye mahali. Hoteli iko ufukweni, nayo huchukua "está" bila shida; lakini mkutano ukiwa katika hoteli hiyo huchukua "es", kwa kuwa mkutano ni tukio. Hapo huacha kusema "uko hotelini", nikajisemea "unafanyika hotelini", ndipo naandika.