Dada alivyoacha kurudishwa hospitali baada ya kupunguzwa tumbo

Dada yangu alikatwa sehemu kubwa ya tumbo la chakula ili apungue uzito, likabaki kama mrija. Hata mwezi haujesha, hapa Unguja akarudishwa wodini: mkojo rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu kila akiinuka. Mshono ulikuwa mzima. Ni upungufu wa maji, unaowarudisha wengi baada ya upasuaji huu.

Kwa kuwa alikuwa akitapika siku nyingi, nilimwomba daktari ampe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Ikipungua huharibu neva na ubongo. Akampa.

Nyumbani tatizo likawa bilauri. Akigugumia anatapika, akitapika anaogopa kunywa. Nikachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani, nikakipima kwa bomba la sindano: mililita 30 hazifiki ukingoni. Basi kila robo saa simu ikilia, anakunywa hizo 30, funda kwa funda. Kwa muda wa saa 12 na nusu ni lita 1.5, kiwango alichoagizwa. Maji, supu ya kuku iliyochujwa. Chakula tukakitenga na kinywaji kwa nusu saa.

Mama alinung'unika, "Mwanangu atakata kiu kwa hicho?" Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiisikiliza simu. Mkojo ukawa mweupe, na hajalazwa tena.