Masika kwenye kihamba: tulivyovuka miezi ya njaa bila kununua unga

Ndugu zetu wa Dar wakija kututembelea Aprili wanasema jamani huku mna raha, kila kitu kijani, maji kila mfereji, migomba imesimama hadi mlangoni, na mi huwa nacheka tu maana hawajui Aprili ndo mwezi ambao huku kwetu nyumba nyingi zinaanza kukung'uta magunia. Kijani hakiliwi. Mahindi ndo kwanza yako magotini, maharage yanatoa maua, ya mwaka jana yameisha au yameliwa na dumuzi, na dukani unga umepanda bei kwa sababu hiyohiyo, kila mtu anautafuta.

Sisi tuko Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambacho mume wangu aliachiwa na baba yake, kasoro kidogo kutimia eka moja, halafu tuna shamba lingine eka moja na nusu kule chini tambarare ambako ndo kwa mahindi. Nyumbani tuko saba: mi na mzee wangu, watoto wanne na mama mkwe. Tulipohama mjini tukaja kuishi huku moja kwa moja tulijiwekea lengo moja tu, unga, mboga, maziwa na mayai visitoke dukani. Chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya kula na mchele wa sikukuu tunanunua, sitaki kumdanganya mtu eti tunaishi kwa hewa.

Sasa watu wakiniuliza mnafanyaje masika nawaambia masika yangu naianza mwezi wa nane. Hapo ndo mahindi yanapanda kutoka shamba la chini, na kazi yangu ya kwanza si kuyapima kwa debe, ni kuhakikisha yamekauka kweli maana ukishayafunga yakiwa na maji umejipikia ukungu. Hatuna kile kimashine cha kupima unyevu, tunatumia chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi kama theluthi ya chupa, weka kijiko au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja hivi halafu iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado, rudisha juani. Ikishuka yote chini chupa ikabaki safi, funga mzigo. Chumvi yenyewe lazima uianike kwanza, ikiwa na unyevunyevu itakudanganya.

Tunaweka magunia nane kwa ajili ya kula, yanayobaki ndo yanauzwa au yanaenda kwa kuku. Tunatumia ile mifuko ya tabaka tatu, ya kinga njaa, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kusukwa nje, kila mmoja unausokota shingo unaukunja unaufunga na kamba peke yake. Humo ndani wadudu wanaitumia hewa iliyopo mpaka inaisha, wanakufa wenyewe, huweki dawa yoyote. Ila ukitoboka umekwisha, kwa hiyo tumeinua kwenye mbao mbali na ukuta na paka analala stoo. Sheria ya nyumba ni kwamba unafunguliwa mfuko mmoja tu kwa wakati na ufunguo wa stoo anao mama mkwe, hata mi nikitaka mahindi naomba. Aprili ikiingia lazima tukute matatu hayajafunguliwa. Yakiwa matatu tunajua tutafika mwezi wa nane bila presha, na kuanzia mwishoni mwa Juni kuna ya kuchoma pia.

Na tunafika kwa sababu masika hatuli ugali kila siku. Hapo ndo kihamba kinapoonyesha akili ya wazee, maana kuna vitu viko ardhini tu vinakusubiri. Magimbi tumeyapanda kandokando ya mfereji, yanakaa hata mwaka, unachimba shina moja unaacha la pili. Viazi vikuu vinapanda kwenye miti ya kivuli, watoto wanajua kila mti una nini chini yake. Ndizi zipo mwaka mzima ingawa kwenye baridi ya mvua mkungu unachelewa kujaa, na upepo wa masika unaangusha migomba iliyobeba, kwa hiyo Februari nzima mzee wangu anakata miti ya kuegemeza. Ukiangushwa na mkungu haujakomaa hatutupi, za kijani changa zinaenda kwenye mtori, mgomba wenyewe ng'ombe anakula. Jioni nyingi ni kiburu, yaani ndizi na maharage, au magimbi na maziwa mgando, na hakuna mtoto anayelalamika labda yule wa mwisho anayetaka chapati kila siku kama mtoto wa waziri.

Mboga ndo kitu pekee ambacho masika inagawa bure. Mnafu unajiotea wenyewe pale tulipomwaga samadi, mchicha pori, majani ya maboga, kunde, unatoka na kikapu dakika kumi umerudi. Mi Machi mpaka Juni sipandi chinese wala spinachi, zinaoza na konokono wanafanya karamu.

Kupanda sasa. Utabiri wa masika Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa wanautoa mapema kabla ya msimu, mzee wangu anausikiliza redioni kwa makini kabisa, halafu anaenda kumuuliza mama yake. Mama mkwe hana habari na milimita. Yeye anachimba na jembe shamba la chini, anaingiza mkono mpaka kifundoni, anafinyanga udongo. Mvua za kwanza Machi mara nyingi ni za kuchokoza, zinanyesha siku mbili jua linarudi kali wiki nzima, mbegu zinaota zinakauka. Mwaka jana jirani zetu wote walishafukia sisi bado tumekaa, nikamwambia mama tutachelewa, akanijibu, "Mwanangu, mbegu ikiwa kwenye kibuyu haifi. Ngoja." Tukangoja, tukapanda mvua iliposhika.

Mbegu ya mahindi tunatumia TMV1, si chotara, kwa hiyo tunaweza kuchagua mahindi mazuri katikati ya shamba tukahifadhi, ila baada ya misimu mitatu hivi tunanunua upya maana inachanganyika na ya majirani. Maharage ni Lyamungo 90, yametoka kwenye kituo cha utafiti hapahapa Kilimanjaro, yanaiva haraka na kufika Juni tunayang'oa, ndo chakula kipya cha kwanza kuingia ndani. Siku ya kupanda tunashuka wote kabla jua halijatoka, kamba inavutwa, sentimita 75 mstari kwa mstari, mmoja anachimba, mmoja anatia samadi viganja viwili, mtoto anadondosha mbegu mbili kwenye shimo, 60 mpaka shimo linalofuata. Samadi inabebwa na trekta la jirani tunalolichangia, hiyo hela inauma lakini kichwani haibebeki.

Halafu viwavijeshi vamizi, hawa waliingia Tanzania 2017 na wameshakuwa wenyeji. Hatupigi dawa, sio kwamba tuna msimamo sana, ni kwamba dawa ni ghali na wakishajificha kwenye moyo wa mhindi haiwafikii. Tunaanza kukagua mapema mhindi ukiwa na majani matatu manne, watoto Jumamosi wanapita kila mmoja mstari wake, wakikuta vile vimayai vya kijivu chini ya jani wanavisagasaga kwa vidole, na mashina yenye vitobo tunatia kiganja kidogo cha mchanga uliochanganywa na majivu katikati kabisa. Shamba likiwa la ukubwa wetu inawezekana. Mwenye eka kumi asinifuate kwa hili.

Ila kama kuna kitu kinaamua masika yetu ni vifaranga. Huku baridi na unyevu vinaua vifaranga kuliko kicheche, kwa hiyo tunapanga kuku watotoe Februari mwanzoni, yaani mayai tunawawekea katikati ya Januari, siku 21, ili mvua kubwa ikianza vifaranga wawe na manyoya ya kweli. Matetea tunawalalisha pamoja wawili watatu kwa wakati mmoja ili tupate kundi la umri mmoja. Wakishaangua nawatoa vifaranga kwa mama zao nawaweka kwenye boksi kubwa chumba cha jikoni na chemli iliyoning'inizwa juu, dirisha nusu wazi kwa ajili ya moshi. Kipimajoto sina, nawaangalia wao. Wakijikusanya chini ya taa wanapanda mgongoni kwa wenzao wanasikia baridi, shusha taa. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, pandisha. Wakitapakaa wanakula wengine wamelala miguu nyuma, nenda kalale na wewe.

Chini naweka maranda ya mbao na hapo ndo roho ya kazi ilipo, maranda yakilowa tu wanaanza kuhara damu na ukiona mmoja amejikunyata mabawa yameshuka ujue kuna wengine. Nageuza maranda kila asubuhi, kila nikiona palipolowa natoa naweka makavu, na chombo cha maji nakiinua kwenye tofali ili wasimwage. Ni kazi ya kuchosha lakini ndo tofauti ya kufika na kuku thelathini au kufika na nane.

Chanjo ya kideri tunafanya ya I-2, ile ya tone jichoni, kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko walioko nyumba moja na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe siku ileile, kwa hiyo tunachanga majirani, anayekwenda mjini anakibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa tunapita nyumba kwa nyumba. Binti yangu mkubwa ndo anashika, kichwa anakilaza ubavu, mi nadondosha, tunasubiri apepese jicho lile tone lizame, ndo anaachiwa. Asipopepesa tone linateleza kwenye manyoya na huyo hajachanjwa.

Ng'ombe tunaye mmoja na mtamba wake, bandani. Majani ya masika yamejaa maji, ukimkatia asubuhi na umande ukamrushia hapohapo anavimba tumbo au anaharisha, maziwa yanapungua. Tunakata jioni tunatandaza chini ya paa yanyauke, anakula kesho yake pamoja na mabua makavu tuliyobeba Agosti. Kupe wanakuja na majani hata kama ng'ombe hatoki nje, na ndigana kali wanayoileta haina mchezo, kila wiki anapigwa dawa ya kuogesha na masikio tunayakagua kwa mkono. Gesi ya samadi tunayo lakini kwenye baridi inazaa kidogo, chai na uji inatosha, maharage hapana. Kwa hiyo kuni tunakata Januari tunazipanga chini ya paa la banda zikauke, anayekumbuka kuni mvua imeanza atapika kwa machozi.

Maji ya bati sitasema mengi, hesabu ni moja tu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati letu ni kama mita 70 za mraba, mvua ya milimita 20 inatupa karibu lita 1,400 ukiondoa kidogo inayorukia nje, mvua mbili tatu nzito simtank la lita 3,000 limejaa. Yale ya dakika za mwanzo tunayaachia migomba kwa sababu yana mavi ya ndege.

Hela ndogondogo za masika zinatoka kwenye mayai na maziwa, kwa sababu kahawa saa hizo bado iko mtini, kazi yake ni kupunguza machipukizi na kuangalia ugonjwa wa chulebuni, tukiona punje za kijani zina madoa meusi yamedidimia tunachuma tunafukia. Ada ya shule inasubiri kahawa ikivunwa baadaye.

Kilichobaki sasa ni mafuta ya kula. Mzee wangu anataka robo eka ya shamba la chini iwe alizeti, mama mkwe anasema hiyo ni kuwalimia ndege, na kwa kweli nimewaona hao ndege na siwezi kusema anakosea. Wamebishana Pasaka nzima. Mi nikamwambia mama, mashine ikishakamua tutarudi na mashudu yetu na ng'ombe atakula, hapo akanyamaza kidogo, akauliza ni debe ngapi za mashudu.