Mizimu ya Dan-no-ura, kitabuni na kwenye filamu

Jana usiku nimeitazama tena Kwaidan, filamu ya Masaki Kobayashi ya mwaka 1964 yenye hadithi nne za mizimu ya Kijapani, na leo asubuhi nikarudi kwenye kitabu cha hadithi chenye jina hilohilo. Sikuwa natafuta kipi bora. Nilitaka kujua hofu inaingilia mlango gani, maana mizimu ni ileile, lakini kitabu kinanitisha kivyake na filamu kivyake.

Kitabu kilitoka mwaka 1904, mwaka uleule alipofariki mwandishi wake, Lafcadio Hearn. Mzaliwa wa Ugiriki huyu alikulia Ireland, akawa mwandishi wa habari Marekani, na mwaka 1890 akahamia Japani moja kwa moja. Hadithi nyingi alizipata kwa mkewe, Setsu, aliyekuwa akizichimbua kwenye vitabu vya kale. Lakini Hearn hakupenda asomewe. Alitaka mkewe afunge kitabu na kusimulia kwa maneno yake mwenyewe, taa ikiwa imepunguzwa. Sisi tuliolelewa na "Paukwa! Pakawa!" tunamwelewa bila maelezo.

Hadithi inayonikaa zaidi ni ya Hoichi, kipofu mpiga biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani. Anaishi kwenye hekalu la Kibudha karibu na bahari ya Dan-no-ura, ambako mwaka 1185 ukoo wa Heike uliangamizwa vitani, na mfalme wao mtoto, Antoku, akazama pamoja nao. Hoichi anasifika kwa kuziimba tenzi za vita hivyo. Usiku mmoja, kasisi akiwa hayupo, anaitwa kwa sauti ya amri na askari asiyemjua.

Kuanzia hapo Hearn anatufunga macho. Tunasikia deraya ikigongana mwilini mwa askari, malango yakifunguliwa, mchakacho wa nguo za hariri, sauti za wanawake wa ikulu. Hoichi anaimba, hadhira inalia, nasi tunaamini kama yeye kwamba ameitwa na mtukufu fulani. Halafu watumishi wa hekalu wanamfuata, na wanamkuta peke yake makaburini, mvua inamnyeshea, anaimba mbele ya kaburi la Antoku huku ndimi za moto wa mizimu zikiwaka kila upande. Najua kinachokuja, na bado mwili unanisisimka kila ninaposoma. Upofu wa Hoichi ndio upofu wa msomaji.

Kobayashi hakuweza kufanya hivyo, na nadhani alilijua hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo anatufungulia vita yenyewe kwanza: majahazi, bahari nyekundu, wanawake wakijitosa majini, na biwa ikilia juu ya yote. Askari anapokuja kumwita Hoichi, sisi tunajua ni maiti. Hofu ya kushtukizwa imepotea, na mahali pake nikaona huruma, kwa sababu wafu hawa nimewaona wakifa. Kitabuni nilimwogopea Hoichi tu. Kwenye filamu nikawalilia na mizimu yenyewe.

Kisha linakuja zindiko. Kasisi anaagiza mwili mzima wa Hoichi uandikwe maneno ya msahafu wa Kibudha, ili mzimu ukija usimwone. Wanasahau masikio. Kwa Hearn jambo hili linapita kwa sentensi chache, lakini Kobayashi anakaa nalo, brashi ikitembea usoni na mgongoni hadi mtu anageuka ukurasa. Pwani yetu tunaijua imani ya namna hii: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa kombe. Labda ndiyo sababu sikuliona tukio lile kuwa la ajabu hata kidogo. Niliona uzembe wa kusahau masikio, nikataka kupiga kelele.

Ambapo filamu inakishinda kitabu waziwazi ni katika ukimya. Muziki wa Toru Takemitsu hauna haraka. Mara nyingi ni mlio mmoja mkavu, kama ubao unaopasuka, kisha hakuna kitu. Katika hadithi ya mwanamume anayerudi kwa mke aliyemtelekeza, akaamka ubavuni mwa maiti yenye nywele nyeusi, anatapatapa na sauti ya vitu anavyovigonga haiji. Sikio langu lilibaki likingoja. Kwenye karatasi kitu hicho hakiwezekani.

Hadithi ya mwanamke wa theluji, mzimu anayeolewa na binadamu, nitaipitia haraka. Mbingu iliyochorwa macho makubwa yanayotazama chini ni nzuri mno, lakini Hearn ananiumiza zaidi kwa maneno machache: mume anavunja kiapo cha kutosema kwamba aliwahi kuuona mzimu huo, mke anayeyuka kuwa ukungu mweupe na kutoka kupitia tundu la moshi.

Tatizo langu liko kwenye hadithi ya mwisho, ya uso unaoonekana ndani ya kikombe cha chai. Hearn, aliyeiweka katika kitabu chake kingine, anaikata katikati na kumwachia msomaji awaze mwenyewe nini humpata mtu anayemeza roho ya mwenzake. Kobayashi anaongeza mwisho: mwandishi wa hadithi mwenyewe anaonekana ndani ya mtungi wa maji, akiita kwa mkono. Ni picha ya kutisha kweli. Hata hivyo, kama ningekuwa mimi, ningeiacha ikatike pale alipoikata Hearn.