Njano tisa

Nilishaapa siandiki tena habari za kazini humu, lakini hii si ya kazini, ilianzia kazini tu ikanifuata mpaka kwa mdogo wangu na huko ndo iliponichoma, leo siku ya tano bado naisikia.

Ile semina niliyowalalamikia wiki iliyopita ilifanyika. Ndo hizi za kupima tabia ya mtu kwa rangi, unajibu maswali mengi yanayofanana mpaka unaanza kujitilia shaka, halafu unapewa chati yenye nguzo nne. Bluu ni mtu wa hesabu na ushahidi, kijani mtu wa subira na kusikiliza, nyekundu mtu wa kuamua na kusukuma wenzake, njano mtu wa vicheko, mawazo mapya na kelele. Mimi nimetoka bluu 81, kijani 64, nyekundu 37, njano 9. Yani tisa, sio tisini.

Mwezeshaji alichora duara akaligawa vipande vinne, bluu ikitazamana na njano, nyekundu ikitazamana na kijani. Rangi yako ya kwanza ndo inayoshika usukani. Ya pili inamsaidia dereva, na kwa kawaida inatoka kipande cha jirani, sio cha ng'ambo, kwa hiyo bluu atasaidiwa na kijani au na nyekundu. Ukipiga hesabu ni rangi nne mara majirani wawili, aina nane za watu, basi, dunia nzima imeisha. Na ile ya ng'ambo, mkabala na ya kwanza, ndo inayokandamizwa. Haijafa, alisema, imekaliwa.

Hapo kwenye ya pili nilimwelewa vizuri, kwa sababu mfano ninao dawati la jirani. Yule mwenzangu naye ni bluu, tena bluu kunizidi, ila ya pili yake ni nyekundu. Sote wawili tukikuta kosa kwenye hesabu tunalikuta dakika ile ile. Mimi nalirekebisha kimya kimya halafu naenda kumwambia mwenyewe pembeni, tena kwa kuzunguka sana. Yeye anatuma barua pepe kwa ofisi nzima na mkosaji anaisoma akiwa kwenye foleni ya lifti. Jicho letu ni moja, ila kinachofuata baada ya kuona ndo kinatutofautisha.

Sasa. Jumamosi nilikwenda kwa mdogo wangu na nikaomba kuichapa ile ripoti kwenye printa yake, manake ya ofisini inatoa nyeusi tu na mimi nilitaka yenye rangi niiweke kwenye faili (najua, najua, bluu 81). Karatasi ikatoka. Akaichukua yeye kabla yangu, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda. Mazungumzo yetu nayanukuu neno kwa neno kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka nimeyakariri:

“Dada, njano imeenda wapi?”

“Ndo hivyo, hamna.”

“Ilikuwepo. Mi naikumbuka kabisa, ilikuwa imejaa.”

Nikanyamaza. Akanirudishia karatasi, halafu akiwa ameshanipa mgongo: “Ndo tabia yako dada. Unatumia tu, huangalii, mpaka iishe ndo unashtuka.”

Mtoto akalia chumbani, akaondoka. Nami nikakunja karatasi yangu nikaaga.

Ilikuwa imejaa. Njia nzima nilikuwa na hiyo “ilikuwa”. Kwa sababu ni kweli, na yeye ndo shahidi, tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja. Mimi ndo nilikuwa naigiza walimu wote mpaka baba anashika mbavu, mimi ndo nilikuwa naitwa redio. Halafu baba akaondoka, daftari lake la madeni likaja kwangu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na sijui ni lini hasa, hakuna siku ninayoweza kuinyooshea kidole, redio ikazimika. Nilidhani hakuna aliyegundua. Kumbe mdogo wangu aliona, akakaa nayo miaka yote hiyo, akaja kuitoa Jumamosi amenipa mgongo. Nikairudia kwa sauti ya huruma. Nikairudia kwa sauti ya lawama. Ile “ndo tabia yako” nimeijaribu kwa sauti zote, hakuna hata moja inayoipunguzia makali.

Usiku sikulala, nikaingia kusoma, wengine wakiumizwa wanalia, mimi natafuta chanzo. Mambo haya ya kuongozwa, kusaidiwa na kukandamizwa mzizi wake ni Carl Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, 1921, kwenye kitabu chake cha aina za watu. Yeye ndo alisema kile kinachopingana na nguvu yako kuu kinabaki nyuma bila kulelewa, na kwa vile hakikulelewa, kikitoka kinatoka kama mtoto, bila adabu, na wafuasi wake wakaongeza, hasa pale ulipochoka. Nikakumbuka ile siku ya kiti, niliwaandikia humu, siku ya tatu ya kufunga hesabu za mwaka, kiti cha mkurugenzi kikalia mlio ule na mimi nikacheka mpaka nikatolewa nje ya kikao. Basi ile ndo njano yangu 9, haijui kubisha hodi.

Lakini nikazidi kusoma na mambo yakaanza kulegea. Kwa Jung na wafuasi wake bluu ilikuwa kufikiri, sawa, ila nyekundu ilikuwa hisia! Kwenye semina yetu nyekundu ni mtu wa amri. Kwa hiyo mtu akibadilisha chati tu, yule mwenzangu wa barua pepe anageuka mtu wa moyo mlaini. Mwingine anayetajwa sana ni Marston, mwanasaikolojia wa Kimarekani, 1928 aliandika kuhusu tabia nne bila rangi yoyote, halafu mwaka 1941 huyo huyo akawaletea watu Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa vitabu vya katuni. Na kuna Forer, mwalimu wa saikolojia, alichapisha 1949 jinsi alivyowapa wanafunzi 39 kila mmoja “tabia zake” baada ya mtihani, wakazipa alama za ukweli, wastani ukazidi 4 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja ile ile, na maneno mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Nilisoma hilo saa nane usiku nikajisikia nafuu kidogo, halafu nikajiuliza, haya, Forer anaweza kunifutia ile 9, je na “ilikuwa imejaa” ataifuta nani? Hiyo haikutoka kwenye chati.

Jana nikashindwa. Nikampigia. Nikazunguka weee, kijani 64 kazini, mwisho nikamwambia mdogo wangu, lile neno lako la Jumamosi limeniumiza, lakini naomba tuliongee, unadhani njano yangu iliisha lini?

Kimya. Halafu: “Njano yako ipi?”

“Ile uliyosema ilikuwa imejaa.”

“Dada. Nilikuwa nasema wino.”

Wino! Katriji ya njano ya printa yake. Alijaza mwezi uliopita, mimi nikaja na ile michoro ya shule nikachapa kurasa arobaini, sikuangalia, ikaisha. “Hukuona hata kijani imetoka kama bluu?” ananiuliza. “Na nyekundu imekuwa ya waridi? Kijani si ni bluu na njano wewe, njano ikikata zote zinaharibika.”

Nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Naye akacheka, akataka kujua nilidhani anasema nini, sikumwambia, nikasema tu ni mambo ya semina. Dakika kumi nzima tunacheka kama tuko kile kitanda, mpaka mume wake akauliza nyuma kuna nini.

Baadaye nikaitoa ile karatasi kwenye faili, nikaisogeza dirishani kama alivyofanya yeye. Kweli bwana. Nguzo ya kijani ina rangi ya maji ya bahari, haina hata tone la majani. Nyekundu ni waridi iliyokolea. Bluu peke yake imesimama safi kabisa, haijaguswa. Siku nzima ya semina tulikuwa tunasoma zile nguzo kana kwamba kila moja imesimama kivyake, hii nyingi, hii chache, na kwenye karatasi yangu njano iliyokosekana imekosekana ndani ya nyingine mbili. Nikafikiria huo upole wangu wa kijani ambao wote mnausifu. Labda nao umetoka hivi, una subira, una kusikiliza, ila umepoa, hauna ule mzaha unaomfanya mtu anayesahihishwa asione aibu. Yule ninayemzungukia pembeni kumwambia kosa lake, sijawahi kumuuliza anajisikiaje. Inawezekana anatamani barua pepe.

Na ile 9 imechapwa kwa wino mweusi. Hiyo ipo.

Nitamnunulia katriji kesho, nimeshaiandika. Kesho pia ndo mama anakwenda kuonwa macho. Juzi alitaja kama utani kwamba fremu ya mlango anaiona imepinda katikati, akicheka, eti fundi alitupiga. Nikamuuliza ni kwa jicho lipi, akasema lile lile linalomsumbua, akabadilisha mazungumzo. Niliukagua ule mlango. Umenyooka.