Herufi mbili zilizonipotezea usiku mbili

Dukani Kariakoo nilisema nataka inveta, yule kaka akanishushia la sola, la wati elfu moja. Nikamwambia yangu ni kadude ka miguu 14, kanakogeuza volti za juu kuwa za chini na za chini kuwa za juu. "Ah, aisi! Si ungesema." Akanipa 74HC04, buku mbili hivi.

Nilitaka kuchora kwa mkono wangu jinsi volti za kutoka zinavyoshuka ukipandisha za kuingia kutoka 0 hadi 5. Mshikaji mmoja alishanicheka: "Inageuka kwenye nusu ya hizo 5, unapima nini?" Kwenye 0 mita ikasoma 4.98. Kwenye 2, vilevile. Kufika 2.4 mita ikawehuka: 1.9, mara 3.1, nikisogeza kidole 2.6. Nikabadilisha betri ya mita. Nikahamia bredbodi nyingine, ule ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu. Usiku wa pili nina mita mpya mkononi, elfu ishirini na ushee imekwenda. Yaleyale.

Aliyenifumbua macho ni jirani na redio yake. Kila nikipita pale katikati, taarabu inakoroma, nikishuka, inatulia. Kumbe aisi inatetema kwa kasi, na mita maskini inanipa wastani tu! Kila inveta ndani ya HC04 ni hatua tatu za kukuza zilizofuatana. Ukiiacha katikati inakuwa amplifaya kali mno, inajipigia kelele yenyewe.

Nikarudi kuchukua CD4069UB. Hizo UB usiziache dukani: ni hatua moja, transista mbili, kwa hiyo mteremko unauona. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae karibu na mguu wa 14, unaoingiza umeme, na miguu ya kuingilia usiyoitumia ifunge kwenye hasi.

Shida ikabaki volyumu, kile kitasa cha kupandishia volti za kuingia: ukiigusa tu, umeshauruka mteremko wote. Hapa niacheni nijisifu. Nilichukua volyumu ya kilo-omu 1 nikaibana katikati ya rezista mbili za kilo-omu 4.7. Sasa hata uizungushe mpaka mwisho, inatembea kati ya 2.26 na 2.74 basi. Nikapata nukta 20 mahali nilipokuwa sipati hata mbili. Halafu nikaunganisha mguu wa kuingia na wa kutoka. Ikajituliza yenyewe kwenye 2.41. Ile 74LS04, inveta ya aina nyingine niliyopima baadaye, iligeukia karibu na 1.3, mshikaji anitafutie nusu yake hapo.

Siku niliyoifuata hiyo LS04, yule kaka aliniona tangu mlangoni: "Vipi fundi, inveta inabeba friji?"