Tisini na Tano

Muuza kahawa alinipita. Alimmiminia nahodha aliyekaa kushoto kwangu, akammiminia ustadhi kijana aliyekaa kulia, akagonganisha vikombe vyake kiganjani kli kli kli, akaenda zake upande wa pili wa baraza. Nikadhani kiza kimemdanganya. Nikanyoosha mkono.

"Bado hujalipa," akaniambia.

Nikatoa sarafu.

"Si hiyo."

Baraza nzima ikacheka, ndipo nikakumbuka ninachodaiwa. Nilikuwa nadaiwa maneno ya nahodha.

Ilikuwa Disemba 2009, Mkunazini, wiki ya pili ya kiza. Tarehe 10 umeme wa Unguja ulikatika wote kwa hitilafu ya ile njia ya kutoka bara, inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni na kuibukia Fumba, ambayo umri wake ulikuwa unakaribia miaka 30. Pemba wakati ule ilikuwa haijaungwa na bara, inajiendesha kwa majenereta yake, na ndugu zetu wa huko hawakuchoka kutupigia simu kutupa pole huku sauti zao zinacheka. Kaskazi imeshaingia, feni zimenyamaza, na nyumba za mawe zikipata joto la mchana hazilitoi mpaka alfajiri. Baada ya isha mtaa wote ulikuwa nje.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 5, Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, likaanza lile tuliloliita Maridhiano. Watu waliokuwa hawakai baraza moja kwa miaka, kila mmoja na maskani yake na bendera yake, wakaanza kujaribu kukaa. Nahodha alikuwa wa upande ule. Mimi wa upande huu. Sitasema upi ni upi, mtaa unajua.

Baraza yetu ilikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Mzee Mawingu, kwa kuwa alistaafu kazi ya hali ya hewa baada ya kusoma vipimo vya mvua na upepo maisha yake yote. Hakuwa msemaji. Alikuwa na daftari la skuli, lenye mistari, na kalamu iliyofungwa uzi. Siku za mwanzo za kiza, alipoona kila usiku watu wanabishana umeme utarudi lini na kila asubuhi wanakana walichosema usiku, alituwekea mambo mawili. Anayesema juu ya jambo lijalo aseme na namba, kutoka sifuri hadi mia, analiamini kwa kiasi gani, na yeye ataiandika na tarehe. Na anayetaka kumpinga mwenzake, kwanza arudishe maneno ya mwenzake, ayaseme kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka mwenye maneno aseme "naam". Asiyepata naam hapati kahawa. Hili la pili alikubaliana na muuza kahawa pembeni, naye aliupenda ule ukadhi kuliko faida ya vikombe.

Yule ustadhi alipinga mapema. Akasema elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, na haya ya kutaja namba yananuka kamari. Mzee akamjibu kwamba pesa haiwekwi hata senti, basi kamari haipo. Kuhusu ghaibu akasema: "Mimi siipimi kesho, mwanangu. Naupima ujinga wangu wa leo." Ustadhi akanyamaza kidogo, kisha akayarudisha yale maneno vizuri kuliko mzee alivyoyasema, akapata naam, akanywa. Tokea siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa mtu anayeficha uvivu wake nyuma ya inshallah.

Sasa usiku ule. Mimi nilikuwa na miaka 26, nimerudi kutoka chuo Dar es Salaam, nasema kwa haraka na nasema vizuri, na sikuwahi kushindwa kwenye mabishano, au hivyo nilivyokuwa nikijiambia. Nikatangaza kwamba umeme utarudi kabla ya mwaka mpya. Binamu yangu ana rafiki, rafiki ana mtu anayejua, kifaa kimeshaagizwa, kinakuja kwa ndege.

"Kwa mia ngapi?" mzee akauliza.

"Tisini na tano."

Akaandika. Nahodha, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kikombe, akasema, "Mimi ishirini."

Nikamvaa. Nilimwambia nahodha anajua pepo na maji, hajui waya. Kwamba watu wa upande wake kazi yao ni kuombea nchi mabaya. Nikaongeza na mengine. Nilisema kwa muda mrefu, na vijana wawili wakanipigia makofi. Ndipo kahawa ikanipita.

"Haya," mzee akasema. "Nahodha kasema nini?"

"Kasema serikali haijui inalolifanya."

"Hasha," akasema nahodha. "Sikutaja serikali."

Kweli, hakuitaja. Nikajaribu tena: "Kasema wanaotuambia siku chache wanatudanganya."

"Sikusema wanadanganya. Anayesema siku chache huenda anaamini hivyo hivyo."

Hapo nikaanza kuona moto masikioni. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayemsomea mtoto, kwamba nahodha anadai mara hii itachukua muda mrefu kama mara ile ya 2008.

"Nusu," akasema nahodha. Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma kuliko mimi, akanieleza upya, polepole. Mwaka 2008 ulipokatika Mei, sote tulisikia siku chache, na tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Njia ni ile ile, imezeeka zaidi. Yeye hajui kilichoharibika huko Fumba, na anadhani hata mimi sijui. "Chombo usichokijua ndani yake," akasema, "ukiulizwa kitafika lini, hutazami tanga. Unauliza safari iliyopita kilichukua siku ngapi."

Nilikaa kimya. Kutoka juu, dirishani, akasikika bibi mmoja wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa akitusikiliza kila usiku bila sisi kujua: "Wanaume wazima mnabishana taa! Maji ya kesho nani kateka?" Pampu nazo zilikuwa zimesimama, na wanawake wa mtaa walikuwa wakibeba madumu tangu alfajiri. Hakuna aliyemjibu. Akaendelea: "Na uandike, wewe mwenye daftari. Maulidi yatatukuta na kandili."

"Kwa mia ngapi, bibi?"

"Mia!" na akafunga dirisha.

Nikarudi kwa nahodha. Nikasema: nahodha hajui waya umepata nini, na anasema hata mimi sijui, ila nina habari ya mtu wa tatu ambayo 2008 pia ilikuwapo, na ile haikutimia. Kwa kuwa hatuoni ndani, kipimo pekee tulichonacho ni mara iliyopita, na mara iliyopita inasema wiki nyingi, haisemi siku.

"Naam," akasema nahodha. "Mpe kahawa mtoto."

Kahawa ilikuwa imeshapoa, chungu kama shubiri, na sikupewa kashata. Lakini jambo lililonikera zaidi halikuwa hilo. Nilipokuwa nayasema maneno yake kwa mdomo wangu, nilisikia tisini na tano yangu inashuka ndani yangu, kama ndoo iliyotoboka. Nilikuwa sijawahi kupatwa na hali ile mbele za watu. Nikamwambia mzee abadilishe, aandike sitini. Akaandika sitini. Nikamwambia afute tisini na tano.

"Daftari halifutwi," akasema.

Nataka kusema wazi kwamba mtindo ule ulikuwa na dosari zake. Ulikuwa mzito. Utani ulipungua, na baraza bila utani ni kama benki. Wapo waliokuwa hodari wa kurudisha maneno ya watu lakini wao wenyewe hawana la kusema. Wapo wazee waliokwenda kukaa kwengine, wakisema hawakuzaliwa waje wafanyishwe mtihani na kijana wa kahawa. Na kufikia Februari, joto lilipozidi, watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na kila mgeni alikuja na uvumi wake: wanatuzimia makusudi, waya umekatwa na nanga, mara hivi mara vile. Ukimwambia mtu arudishe maneno, anakuuliza wewe nani. Muuza kahawa mwenyewe alishindwa. Watu hamsini huwezi kuwanyima kahawa wote, utakula nini.

Mimi nilitaka tuwafukuze. Mzee akakataa, akasema baraza ni ya njia na njia haina mlango. Alichofanya ni kulihamisha daftari. Usiku akaacha watu waseme watakavyo, naye anakaa nao, anacheka nao. Daftari likawa linafunguliwa baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, kabla ya watu kwenda kutafuta maji. Hakumkataza mtu kuja. Katika wale hamsini walikuja sita, kisha wanne: nahodha, ustadhi, mimi, na fundi cherahani mmoja ambaye siku zote nilidhani ni bubu.

Maulidi yaliangukia mwisho wa Februari, na kandili zilikuwapo. Umeme ulirudi Machi. Mtaa wetu ulipopata ilikuwa usiku, na sauti iliyopanda ilikuwa ya watoto kwanza, halafu vigelegele kutoka madirishani, halafu televisheni zote kwa pamoja, kila moja na kituo chake. Baraza ilikauka kwa dakika tano. Waliobaki walikuwa wale wale wa alfajiri, na mzee, na muuza kahawa na dele lake limejaa.

Mzee alikuwa amekataa kutoa hesabu mpaka taa ziwake. Akafungua daftari chini ya balbu. Hesabu yake, alitueleza, iliandikwa mwaka 1950 na Mmarekani wa fani yake, Glenn Brier, kwa ajili ya kuwapima watabiri wa hali ya hewa: unachukua umbali kati ya namba uliyosema na kilichotokea, mia likitokea, sifuri lisipotokea, unauzidisha kwa wenyewe. Mwenye kidogo ndiye bora. Juu ya mwaka mpya, nahodha aliyesema ishirini alipata 400. Mzee mwenyewe, aliyeandika thelathini na tano siku ile bila kutuambia, 1,225. Sitini yangu, 3,600. Tisini na tano yangu, aliyoisoma nayo kwa sauti ingawa hakuna aliyemwomba, 9,025.

Juu ya Maulidi, bibi wa dirishani alipata sifuri. Hakukosa hata chembe. Jambo hilo lilimsumbua mzee waziwazi. Alilirudia mara mbili, akakuna kichwa, akasema mara moja si kipimo. Ustadhi akamwambia apande akamwambie bibi hivyo. Hakupanda.

Kisha akageuza ukurasa mpya. Juu yake alikuwa ameshaandika: *Kura ya maoni*, ile ya serikali ya umoja wa kitaifa iliyokuwa ikizungumzwa kila mahali na iliyokuja kupigwa Julai 31. Nahodha akanigeukia. Nilijua ana namba yake, na nilijua nina yangu, na bendera zetu mbili zilikuwa bado zinapepea kwenye maskani zetu mbili.

"Tisini na Tano," akaniambia, maana jina hilo lilikuwa limeshaniganda, "usiseme yako. Sema kwanza mimi nitasemaje, na kwa nini."

Muuza kahawa akasimama mbele yetu, dele mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, anasubiri.